Mtani Aliyemkohoza Babu

Jumatano, jua linazama. Mawingu yalijikusanya mchana kutwa upande wa Ntalikwa, yakatawanyika bila kutoa hata tone. Joto liko palepale. Nami situlii. Nimekaa, nimesimama, nimefungua kitabu cha biolojia, nimekifunga. Ndiyo maana naandika.

Babu bado yuko wodini.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: babu yangu mzaa mama ni mkulima wa Igalula. Nimonia ilimshika vibaya, akaletwa huku mjini hajitambui, akawekewa oksijeni. Tulilia, tukaomba, akarudi. Sasa homa imekwisha na daktari anasema ugonjwa wenyewe umeshindwa. Kilichobaki ni kifua. Makohozi yamejaa sehemu ya chini ya mapafu, hayatoki, na akivuliwa mrija wa oksijeni anahema kama mtu aliyekimbizwa.

Kuna dada anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya kupumua. Wodi nzima inamwita daktari wa mazoezi. Alimletea babu chupa ya maji yenye mrija: apulize mapovu, akae wima, akohoe kwa nguvu, atembee mpaka mlangoni. Asipofanya hivyo, alituambia, makohozi yatakaa humo humo na nimonia inaweza kurudi, na safari hii mwili hautakuwa na nguvu ya kupigana nayo.

Babu hafanyi. Anapuliza mara moja, anaweka chupa chini.

"Asante sana, daktari. Kesho."

Kwa upole kabisa.

Na sisi tunamsaidia asifanye. Kila anayekuja kumwona ananong'ona. Kina mama wa kanisani wanaimba kwa sauti ya chini, wanamwambia pole baba, pumzika. Mama anamvutia shuka mpaka kidevuni. Mimi ndiye niliyezidi. Nilijiamulia, kwa akili zangu za vitabuni, kwamba mapafu yaliyoumia ni kama mguu uliovunjika, yanatakiwa kutulizwa. Nimekuwa askari wa kitanda chake. Mtu akiinua sauti kidogo, naweka kidole mdomoni.

Leo baada ya masomo nilipitia hospitali na sare yangu. Mama alikuwa ametoka kwenda kuosha vyombo. Babu amelala chali, amefumba macho, kifua kinakoroma. Ndipo nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Mwangaluka!"

Hiyo ni salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni. Nikajua ni nani. Mzee Pazi ni Mzaramo aliyeletwa Igalula na kazi ya stesheni tangu ujana wake, akastaafu, akabaki. Yeye na babu ni watani, Mzaramo na Mnyamwezi, na tangu nizaliwe sijawasikia wakiongea kistaarabu.

Nilimpa shikamoo, kidole kikiwa mdomoni. Alinipita kama vile mimi ni kiti.

"Ala! Hajafa? Na mimi nimekuja kurithi baiskeli!"

Babu alifumbua jicho moja.

"Nimevaa na kanzu ya msiba," Mzee Pazi akaendelea, akikizunguka kitanda kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Kumbe nakuta mtu amefunikwa shuka kama bibi harusi. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Wewe kifua chako mwenyewe kinakushinda kukibeba mpaka pale mlangoni?"

Nilisimama. Nilitaka kumwambia, mzee wangu, mgonjwa asisumbuliwe. Nikaishia kuinua kidole tena. Kwangu ni kawaida.

Babu akajiinua kwa kiwiko.

"Walibeba," alisema, akitafuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Wakafika pwani... wakawakuta babu zako... wamelala kivulini... wanauliza, mmetuletea nini?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee Pazi mwenyewe alishika chuma cha kitanda asianguke. Na babu akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kile cha kutoka tumboni, mishipa ya shingo ikamsimama, na kile kifaa cha kupimia oksijeni kilichombana kidole kikaanza kulia. Nilifikiri tumemuua. Nesi alikuja mbio, akamkalisha wima, akamkingia bakuli, huku akimfokea Mzee Pazi. Makohozi yakatoka. Mengi, mazito, ya rangi nisiyotaka kuiandika hapa.

Kisha kifaa kikanyamaza.

Babu akavuta pumzi ndefu, na haikukoroma.

Daktari wa mazoezi alipofika alichungulia lile bakuli kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Nani amemkohoza hivi?"

Nesi akamwonyesha mshtakiwa.

"Mzee," daktari akamwambia, "kesho unaweza kuja tena? Tutamkalisha vizuri kwanza, nami nitakuwepo."

"Kesho narudi Igalula, binti yangu. Mvua ikinikuta huku, shamba nitalimiwa na nani? Na huyu?" Akamnyooshea babu mkono, babu akambeulia mdomo. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini mtani si huyu hapa? Mjukuu na babu yake! Mnatafuta utani gani mwingine?"

Wote wakanitazama. Babu naye.

Nikatazama viatu vyangu.

Ni kweli, mjukuu ni mtani wa babu yake. Nilipokuwa mdogo aliniita mke wake, na bibi, alipokuwa hai, aliniita mke mwenza na kuniambia nimrudishie mume. Binamu zangu wanamjibu bila kufikiri. Wanamwita kibogoyo, wanamdai vitenge vya sikukuu. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mlango. Nilipoingia sekondari akaacha. Akaanza kuniita mwanafunzi na kuniuliza habari za masomo, kwa upole uleule anaompa daktari.

Hilo ndilo linalonikosesha utulivu.

Nimejaribu kutunga. Utani wa kwanza ulikuwa mrefu kama insha, una hata utangulizi. Wa pili ungemliza. Na hata nikipata mzuri: akicheka, kikohozi kile kitarudi, kifaa kitalia, na safari hii wa kufokewa ni mimi. Asipocheka, nitakuwa msichana aliyemtukana babu yake mgonjwa mbele ya watu. Sijui naogopa lipi zaidi.

Lakini nikinyamaza, najua atakavyomjibu daktari.

Sasa hivi nimetoka jikoni. Nilikwenda kunywa maji, nikajikuta nausema utani mmoja kwa sauti, nimeielekea sufuria. Mama alikuwa anakoroga uji. Akageuka, akaniuliza nasema na nani. Nikatoka na kikombe changu. Nilipofika huku chumbani nikamsikia anacheka peke yake.

Kesho, babu akishakalishwa, nitaweka begi chini, nitashika ile chupa yenye mrija, na nitasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Mume wangu, amka tutembee. Mimi sikuolewa na kitanda."