Asali ya Mama na Unga wa Mninga

Jumatatu, 3 Juni
Nimetobolewa kidole. Sukari tisa. Inashuka! Nimemeza vidonge vya hospitali, kisha unga wa hawa watafiti, wa magome ya mninga. Mchungu, unakausha ulimi. Leo siku ya kumi na tano ya majaribio. Bado siku kumi na tatu, halafu nyumbani Inyonga.
Mwanangu Asteria nimemwacha kwa mama ili aache ziwa, na mimi nipate kuja huku Mpanda kujaribiwa dawa. Maziwa yameshakauka. Mikono ndo bado inamtafuta kitandani.

Jumatano, 5 Juni
Mama katuma kidumu cha asali kwa basi. Ndani kuna kipande cha sega. Pembeni kina alama za meno madogo, manne. Yaani Asteria kang'ata kwanza, ndo bibi yake akakitia. Nimelia.

Ijumaa, 7 Juni
Unga unashuka vizuri sasa. Naukoroga kwenye kijiko cha asali, kama tulivyofundishwa nyumbani. Kwetu dawa chungu hailambwi kavu. Walisema nisitie sukari. Sukari sijatia.

Jumatatu, 10 Juni
Sukari kumi na tatu, imepanda. Nesi kauliza nimekula nini. Nikasema ugali kidogo na mlenda. Kaandika kwamba dawa hainisaidii. Nimeona akiandika. Asali sikuitaja. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Nimemwambia mama mdogo, ninayekaa kwake hapa Kakese. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Sukari haitaki kushuka, na we unaipelekea asali? Nyie watu wa Inyonga, hata kaburini mtaomba sega!" Halafu akaacha kucheka. "Kamwambie nesi."
Nikisema, naanza upya. Nisiposema, Jumapili niko kwetu. Mama kasema Asteria siku hizi anamwita yeye mama.
Ila kuna yule mama wa Mwamkulu tunayepimwa naye. Macho yanamfifia. Kila asubuhi ananiuliza, mwanangu, imeshuka? Yeye anangoja kujua kama huu unga unafaa. Na mimi nimeuharibia jina.

Alhamisi, 13 Juni
Nimesema. Nesi hakufoka. Karatasi yangu kaipiga mstari yote. Kasema naweza kwenda nyumbani, au nipumzike wiki moja nianze siku ishirini na nane upya. Nimesema naanza. Sauti ilitoka ndogo.
Jioni nimepiga simu. Asteria anapumua tu. Nikamwita, nikamwita tena. Mwisho kauliza, "Nani?"


Jumapili, 16 Juni
Siku niliyokuwa nirudi. Nimefua. Begi nimelirudisha chini ya kitanda.
Kidumu nimempa mama mdogo. Kile kipande cha sega nimekisuuza kwa maji baridi mpaka ikabaki nta, nimekiweka katikati ya daftari hili. Meno manne bado yanaonekana.
Nikirudi atakuwa ameota mengine. Nitamwomba afungue mdomo, nihesabu.