Viti vya Kagiri

Gatwekera, Kibera

Kwako dada Peres wa Kawangware,

Mimi bado nina nguvu kushinda vijana. Wale watu wa kanisa lako wanaosaidia wagonjwa walikuja. Niliazima viti vya jirani Kagiri, nikavaa suti, nikawapa soda. Mtu kama mimi hapokei wageni ovyo. Wakasema, "Mzee, wewe umebarikiwa," wakaenda kwa Kagiri. Wakamkuta amekalia ndoo! Sasa analipiwa hospitali, kikohozi tu, na ananipungia mkono kama chifu. Roho inaniuma, dada. Mke wangu Magdaline nilikuwa nimemficha nyuma ya pazia, na uvimbe wa tumbo unazidi. Waambie warudi. Amesema wakija ninyamaze, ataongea yeye. Nimekubali.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Okeyo