Kila Mtu na Sauti ya Mwenzake

Buyenzi, Alhamisi, 1995

Na bado nimemkasirikia Elie, mwenzangu wa darasa, ingawa hana kosa.

Kwaya ya darasa letu la muziki chuoni ilikuwa na waimbaji wanne wa besi, sauti nzito ya chini. Tangu risasi za juma lililopita nimebaki peke yangu. Leo mwalimu ametaka kila mtu ajifunze pia sauti ya mwenzake.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Mi sijui Jumatatu nani atakuja na nani apana," akajibu bila kuniangalia.

Basi Elie akaja kukaa karibu yangu ashike besi. Nilipokosea, yeye akanisahihisha. Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka.

Mama hataki nirudi chuoni. Nitarudi, nimemwambia.

Sikumwambia kwamba Elie ameshaishika besi yote.