Mbele ya Mpishi

Jumatatu, 4 Machi

Leo vyuma vya mazoezi tena. Viwili, vimelazwa sambamba, unapita katikati huku umeshika. Daktari anasema mfupa wa paja umeunga vizuri, kilichobaki ni woga. Aseme tu! Si yeye aliyeanguka kwenye ngazi akipigilia kibao cha saluni yake.

Nikasimama. Nikakaa. Yule dada wa mazoezi — mimi namwita Tena, maana neno jingine hana — akasema tena. Nikamwambia nina kizunguzungu. Uongo mtupu.

Kisha akaletwa mama mmoja mnene, mpishi wa shule ya bweni, kavunjika nyonga. Akavitazama vyuma kama anatazama jiko chafu. Akavishika, akaenda! Jasho linamtiririka, uso mkavu. Alipofika mwisho akanigeukia.

"Na wewe, baba, unangoja uandaliwe meza?"

Nikainuka. Nikaenda na kurudi. Kizunguzungu sijui kilikwenda wapi.

Jumanne, 5 Machi

Huyu Mpishi ni moto! Anaukaripia mguu wake kama msaidizi aliyeunguza sufuria. Mimi nimenyoa watu miaka mingi, nyuso nazijua, anayeogopa wembe namwona kabla hajaketi. Uso wa huyu mama nimeuchunguza wee, sikuona woga hata chembe. Mbele yake najikaza kisabuni.

Jioni binti yangu kapiga simu. Mwenye jengo anataka jibu wiki hii: narudi saluni, au aingie kinyozi mwingine? Na kinyozi hanyoi ameketi. Nimemwambia aje Jumamosi anione kwa macho yake. Domo langu hili!

Jumatano, 6 Machi

Nimefika mapema, nikasikia kilio nyuma ya pazia. Mpishi! Anamwomba Tena amrudishe kitandani, hawezi, ataanguka. Tena akamuuliza, mbona jana ulikwenda kama askari?

"Jana si yule kinyozi alikuwepo! Nikilia mbele yake, si naye atakata tamaa?"

Nikaganda kwenye kiti changu cha magurudumu. Kumbe! Kwa hiyo uso mkavu ule wote ulikuwa kwa ajili yangu? Na ujasiri wangu ulikuwa kwa ajili yake!

Nikarudi nyuma kidogo, nikakohoa kwa nguvu, ndipo nikaingia, najitia hamnazo. Macho yake mekundu, lakini makavu.

"Umechelewa," akasema.

"Niwie radhi, mama."

Tukashika vyuma kwa zamu, yeye kwanza, kisha mimi. Nilidhani nikishajua anaogopa, heshima yangu kwake itapungua. Imezidi. Mtu anatetemeka hivyo, na bado anamfikiria jirani!

Alhamisi, 7 Machi

Mpishi karuhusiwa kwenda kwake. Kanipa mkono, kaniambia nisimwaibishe. Chumba kimepooza.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna kitu. Kila Tena akisema achia mikono, nashika zaidi. Nilijaribu kumfikiria Mpishi amesimama pale mwisho. Haisaidii. Mtu wa kufikirika hana macho.

Tena kasema kwa upole kwamba nisipoweza kusimama bila kushika, hawezi kuniruhusu kurudi kazini. Nampenda yule dada, lakini anavyonitazama ni kazi yake. Nimelia kidogo, hakuna aliyeona.

Jumamosi, 9 Machi

Namngojea binti kwenye korido ya mazoezi. Nimetolewa kwenye magurudumu, nimewekwa kwenye kiti cha mbao, kiti pekee kilichopo. Nimeshapanga maneno: mwanangu, mwache huyo kinyozi mwingine aingie. Makasi yangu nitampa yeye

Nimekatizwa. Nilikuwa naandika hapo juu, mlango ukafunguka — Mpishi! Na fimbo yake, peke yake, anahema, anatafuta pa kukaa.

"Karibu mama, keti hapa," nikamwambia, nikampisha.

Akaketi, akanisimulia. Tangu juzi hajavuka kizingiti cha jiko lake. Watoto wake wako kazini, nyumba kimya, anashinda kitandani.

"Nimekuja unitazame kidogo," akasema. "Tangu getini nimejiambia kinyozi ananiona."

"Nimekuona, mama. Umeingia kama jenerali!"

Akacheka. Mimi pia. Ndipo nikamwona Tena mwisho wa korido, mkono mdomoni, hasemi hata tena. Nikafuata macho yake, nikajitazama. Mkono mmoja una kalamu, mwingine una daftari. Hakuna mkono wa tatu.

Magoti yanacheza. Mpishi ameyaona, lakini anajifanya anatazama dirisha. Ukuta uko karibu, sijaugusa. Namsikia binti yangu chini, anauliza njia. Mwandiko huu mbaya! Lakini nifanyeje, kiti bado amekikalia Mpishi, na hana haraka ya kuondoka.