Mdudu Kwenye Meza ya Baba

Mizque, 6 Oktoba 2003

Mwanangu Limbert,

Hujambo huko Cochabamba? Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mkaidi kama wewe.

Nakutumia picha ya marehemu baba yako, ile ndogo ya kitambulisho. Hatuna nyingine. Ikuze tuitundike juu ya meza yake Siku ya Marehemu. Huu ni mwaka wa tatu, roho yake inakuja kuaga, na sitaki ituage tukitazama ukuta mtupu. Ndugu zake wote watakuwapo.

Na lile la kupima damu? Ulizaliwa ndani ya kuta zilezile, mwanangu, na yule mdudu vinchuka akitoka kwenye ufa usiku kunyonya damu na kuacha ugonjwa hakuwa akichagua kitanda. Daktari amesema ukiwahi, vidonge vinasaidia. Baba yako alichelewa mpaka moyo ukavimba. Usinijibu habari za kazi nyingi.

Mama yako,
Primitiva

Cochabamba, 23 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, usilipandishe mlimani kila siku. Picha ya baba imetoka vizuri, hata kovu la kidevuni linaonekana. Nimeiviringisha ndani ya bomba la karatasi ngumu na kumkabidhi dereva wa basi.

Nisamehe, mimi sitakuja. Siku hizohizo mkahawa mmoja hapa mjini unatundika picha zangu. Ni za wadudu, nilizopiga kwa hadubini ya chuo: jicho la nzi, bawa la nyigu, mguu wa nyuki uliojaa chavua. Watu wananunua ili kupamba sebule. Najua unacheka.

Kupima nitakwenda, kazi ikipungua.

Mwanao,
Limbert

Mizque, 3 Novemba

Limbert,

Nimeamka salama.

Jana meza ilijaa mikate, mahindi ya kuchemsha na pombe ya chicha. Nikampa baba yako mdogo Fortunato heshima ya kukunjua picha. Akakunjua. Ni vinchuka. Kichwa peke yake, kipana kuliko sinia. Shangazi yako Eduviges akaangusha glasi.

Uliniambia nzi, nyigu na nyuki. Aliyemuua baba yako hukumtaja.

Mume wangu yuko wapi?

Mama yako

Cochabamba, 6 Novemba

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia. Mabomba yalifanana. Mwenye mkahawa alitundika picha mwenyewe, na nilipoingia jioni ya maonyesho nikamkuta baba kati ya nyigu na nyuki. Chini yake kibao: “Vinchuka jike, kichwa, kimekuzwa mara mia mbili. Boliviano mia sita.” Papo hapo nikajua wewe umepokea nini.

Mwenye mkahawa alidhani ndiyo sanaa ya siku hizi. Kuna bibi mmoja alitaka kumnunua, akasema huyu ana macho ya mtu mwema. Nimemtoa, ninaye chumbani.

Sikumtaja vinchuka kwa sababu nilikuogopa. Nilimweka chini ya hadubini nikitaka kumchukia, nikashindwa. Ni mzuri, Mama. Nimeona aibu sana kuona hivyo.

Mwanao

Cochabamba, 20 Desemba

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dereva anasema barua zangu anakupa mkononi. Nitukane basi, nijue uko hai.

Mwanao

Mizque, 30 Januari 2004

Mwanangu Limbert,

Marahaba. Unakula vizuri? Mimi mzima, mvua imenyesha ya kutosha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na neno likishatoka halirudi.

Sasa sikia yaliyofuata baada ya glasi kuvunjika. Eduviges alitaka tuichome. Fortunato akamzuia. Akasema, “Ngoja kwanza. Huyu amenila gizani maisha yangu yote, na uso wake sijawahi kuuona.” Wakasogea wote, wakaanza kubishana macho ni yapi na mdomo anaukunjaje. Wiki ile ile Fortunato akashuka hospitali kupimwa, yeye aliyekuwa akimfukuza kwa mbwa kila muuguzi anayepita. Wanawe wakamfuata.

Picha sikuichoma. Iko nyuma ya mlango, na nikifagia namtazama. Nilidhani nitaona ubaya, naona njaa tu. Maskini hajui alichotufanyia.

Lakini wewe unajua. Umemtazama mpaka nywele za usoni pake, halafu unaogopa tone moja la damu yako mwenyewe. Baba yako naye alikuwa mwoga wa daktari. Kwake rithi kidevu, hilo liache.

Usiniandikie tena mpaka uwe umepima.

Akupendaye,
Mama yako

Cochabamba, 17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Umeona nimekaa kimya, na sababu unaijua: uliniamuru, na mimi nilikuwa nazunguka mlango wa zahanati bila kuingia.

Nimepima. Ninao. Usilie kabla hujamaliza kusoma. Daktari amesikiliza moyo, amepiga na picha yake, anasema bado haujavimba. Nimeanza vidonge. Vinaniwasha mwili mzima na chicha nimekatazwa, hiyo ndiyo adhabu kubwa.

Nikimaliza dozi nakuja na baba kwapani. Nimefungua bomba tena na tena kuhakikisha ni yeye. Tafuta msumari mzuri, tumtundike ukuta unaoelekea mlango.

Na vinchuka usimtoe, Mama. Mwache hapo hapo, baba aone kwamba safari hii tumemwona mapema.

Mwanao,
Limbert