Kipara Katika Shamba la Kwamboka

Jumanne, 6 Aprili 1948

Mvua tangu alfajiri. Wagonjwa wawili kule Manga. Nusu ya njia nilibeba baiskeli, haikunibeba. Bibi kizee niliyemwombea alisinzia kabla ya amina. Labda maombi yangu ni marefu. Labda.

Mchana Keroka, posta. Nimepeleka gazetini makala yangu juu ya risaga. Nimewaeleza wasomaji wa Nairobi ilivyo: majirani thelathini wanashuka shambani kwa mtu mmoja, wanapalilia hadi adhuhuri, kisha mwenye shamba anawawekea mtungi wa pombe wanywe kwa mirija. Nimeandika kwamba jembe linalolipwa kwa pombe huchimba kaburi. Sentensi hiyo naipenda mno. Nimemsomea Rebeka mara mbili. Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Baba Yunes, na mwenye mikono miwili tu, je?"

Halikuwa swali la makala.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili. Kwa Kigusii huanza kufoka kabla sijafikiri.

Ijumaa, 9 Aprili

Mzee Ombasa, kiongozi wa wazee wetu wa kanisa, alikuja kabla ya chai. Kwamboka amepika pombe. Kwamboka wetu, mjane, anayekaa benchi la tatu.

Tulikwenda wote wawili. Hakuificha hata kidogo. Mtungi ulikuwa mlangoni, umefunikwa kwa majani ya mgomba. Shambani wimbi wake, yaani ulezi, unamezwa na magugu. Watoto wanne, mkubwa hajafika miaka kumi. Alikuwa amemwita Makori, jirani yake ambaye hajabatizwa na hataki, alete risaga yake Jumatatu.

Nikamwambia amwage.

"Nikimwaga, Mchungaji, utanipa mikono mingapi?"

Nikasema kanisa zima litampalilia. Wiki hii hii. Ombasa alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona.

Aliinamisha mtungi. Wimbi wake wote wa akiba ulikuwa mle. Pombe ikateremka hadi njiani, kuku wakaifuata. Jogoo mmoja alijaribu kuwika akaanguka. Watoto walicheka. Mama yao hakucheka.

Jumamosi, 10 Aprili. Sabato

Wazee walikaa nami kabla ya ibada. Kanuni inasema anayepika pombe anatengwa miezi sita. Haisemi chochote kuhusu anayemwaga. Kanuni niliiandika mimi, mwaka wa tatu wa vita, na niliipigania dhidi ya watu wapole. Basi sikuwa na pa kusimama.

Nilisoma jina lake mbele ya watu wote. Akainuka, akafunga leso yake, akawashika wadogo mkono, akatoka. Hakulia. Nilitaka alie. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Nilihubiri saa nzima na robo. Sauti imekauka. Sikumbuki nilisema nini.

Jumatano, 14 Aprili

Hakuna aliyekwenda kwa Kwamboka. Jumapili hakuna. Jumatatu hakuna. Kila mtu anapalilia kwake, na Makori amepeleka watu wake mlima wa pili. Amekasirishwa na pombe iliyomwagwa. Anasema kumwaga pombe ya risaga ni kumtukana aliyeitwa.

Nimemwendea Ombasa. Nilimkuta anaparua miguu ya ng'ombe tope. Akanijibu bila kuinuka: "Ahadi tulimpa mshiriki. Sasa si mshiriki. Tukienda kumlimia, kutengwa kuna maana gani? Si maneno yako hayo, Mchungaji?"

Ni maneno yangu. Niliyasema mwaka jana kuhusu mtu mwingine, na nilishangiliwa.

Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote kutoka hapa hadi Ogembo. Nimewashinda makatekista kwa hoja sokoni, mchana, watu wakisikiliza. Leo nimeshindwa na mtu anayeparua ng'ombe, tena kwa kisu nilichokinoa mwenyewe.

Nina hasira. Sijui na nani.

Jumanne, 20 Aprili

Makala imechapwa. Ukurasa mzima, jina langu juu. Pale Keroka karani wa duka aliisoma kwa sauti, alipofika kwenye kaburi watu wakapiga makofi. Fundi cherehani, mtu wa kutoka ziwani, alinishika mkono akaniambia Waluo nao wanahitaji mchungaji mkali kama mimi. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi, mpaka kwenye mteremko wa kurudi.

Njia inapita kando ya shamba lake. Alikuwa amechuchumaa pembeni, yeye na binti yake mkubwa, wanang'oa gugu moja moja. Kwa siku kumi wamesafisha sehemu ya kutosha kutandaza mikeka mitatu. Alinisalimu vizuri. Sikuteremka kwenye baiskeli.

Hiyo niiandike tena. Sikuteremka.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimekwenda kupalilia mwenyewe. Kwamboka alikuwa amekwenda Manga kuomba mbegu za viazi. Sikungoja ruhusa. Nilivua koti, nikaanzia juu, nikang'oa kwa nguvu zote za wiki mbili. Nilifurahia kung'oa. Nilifanya kazi kama mtu anayejibu barua. Kufika saa nne nilikuwa nimesafisha mahali pakubwa kama nyumba.

Ndipo Makori akapita. Alisimama. Akaokota rundo langu, akalitazama, akaketi chini. Nilidhani anaumwa. Kumbe kicheko kimemwondolea miguu.

"Mwalimu! Gugu umeliacha, wimbi umeung'oa!"

Yale magugu yanayofanana na wimbi. Kila mwanamke hapa anayajua tangu utoto, kwa vidole, hata hatazami. Shina la gugu ni bapa na limelala. La wimbi limesimama. Mimi nilikwenda bweni la misheni nikiwa mdogo, sijawahi kuchuchumaa katika shamba la wimbi maishani mwangu. Nilisoma kila kitu ila hilo.

Nilijaribu kuirudisha miche ardhini. Nilipiga magoti nikaishindilia. Makori aliacha kucheka. Akasema kwa upole, "Wacha, ndugu yangu. Haitashika."

Kwamboka alirudi akakuta kipara. Akaniletea maji ya kunawa.

Mfano wa Yesu juu ya magugu kila mtu kanisani anaujua. Sitauhubiri. Ningejiona mwema, na huo ungekuwa wizi wa pili baada ya wimbi wake.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Makori. Nimemwomba risaga. Nikasema tutawapa uji, na maziwa, na ugali wa kushiba.

"Uji tunawapa wazazi waliojifungua," akasema. Watu wake hawatakuja kwa uji. Lakini mkewe anao mtungi tayari. Watu wangekunywa huo, na mimi ningempa debe la wimbi apike mwingine.

Nikamwambia Kwamboka hataweza kukubali, atazidi kujiharibia. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye ua na mke wa Makori, akasikia. Akasema kupitia miti ya ua:

"Mchungaji, mimi mmeshanitoa. Pombe itanitoa tena niende wapi?"

Wanawake wote wawili wakacheka. Nikamwambia Makori debe nitaleta.

Rebeka alipima debe kutoka ghala letu bila kuniuliza la nini. Aliligonga chini mara mbili ili wimbi ukae vizuri, kisha akaongeza juu. Sijawahi kumwona akipima kwa furaha namna ile.

Jumatatu, 26 Aprili

Wamekuja thelathini na wawili. Umande bado. Wanaimba, mstari mmoja kutoka ua hadi ua, wanashuka pamoja. Mimi nilipangwa mwisho, kati ya wasichana. Bibi mmoja alinishika kidole akanionyesha: shika hapa chini, sikia, bapa, toa. Sikia, duara, acha. Kila nilipokosea alinipiga kwenye mkono kama mtoto anayedokoa nyama. Wakanitungia wimbo. Sitauandika hapa.

Adhuhuri shamba lote lilikuwa safi. Adhuhuri! Kazi ambayo ingemchukua mjane hadi mavuno.

Wakakaa kwenye mtungi. Nilikunywa uji, pembeni. Mzee Ombasa alipita njiani na ng'ombe wake. Alitazama mtungi, akanitazama, akavua kofia kunisalimu. Kofia ile ilinitisha kuliko tusi.

Jumamosi, 1 Mei. Sabato

Baraza la wazee. Ombasa alikuja na gazeti. Akanisomea makala yangu, polepole, hadi kaburini. Kisha akauliza ni ghala la nani lililotoa debe.

Langu.

Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na hoja saba, nimezipanga njiani. Ningewamaliza wote kabla ya chakula. Nilipowatazama niliona wanaziogopa, na kwamba kwa miaka mingi ndivyo nilivyoshinda: si kwa kuwa na haki, kwa kuogopwa.

Bado nasema pombe ni adui. Ilimuua kaka yangu. Neno la makala sifuti hata moja. Lakini nilikataza mikono thelathini na miwili bila kuweka hata mmoja mahali pake, kisha nikamfukuza aliyeuliza.

Nikawaambia kanuni ni moja, hata kwa mchungaji: nitengwe. Miezi sita. Mimi ndimi niliyependekeza, na nilinyoosha mkono. Nikaomba jina la Kwamboka lirudishwe, kwa kuwa alimwaga kwa neno letu. Ombasa akatazama gazeti, akalikunja dogo, dogo zaidi. Mwishowe akasema, "Alimwaga. Mimi nilikuwapo. Na mimi niliahidi." Wakalirudisha.

Jumamosi, 14 Agosti. Sabato

Benchi la nyuma, ninapokaa tangu nitengwe, lina mguu mbovu. Miaka yote sikujua.

Ombasa alihubiri. Anahubiri vibaya, anarudia rudia, akisahau mstari anacheka. Watu hawakusinzia. Alitangaza kundi la kupalilia la kanisa kwa mvua za vuli: Jumatatu na Jumatano, uji na ndizi, kuanzia kwa wajane. Wamejiandikisha kumi na mmoja. Nimo. Bibi mmoja aliomba nisipangwe karibu na wimbi, watu wakacheka, nami pia.

Kwamboka alirudi kanisani Julai tu, kwa wakati wake. Benchi la tatu. Amevuna. Si mwingi, unatosha. Kile kipara wanakiita shamba la Mchungaji. Baada ya siku ile alipanda maboga pale, ili ardhi isikae bure.

Leo baada ya ibada alimtuma binti yake aniletee moja. Zito. Nililibeba chini ya kwapa hadi nyumbani, pamoja na Kitabu.

Jua limeshuka, Rebeka amelipika. Tumekula. Tamu.