Shingo ya Chuma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limepunguza maumivu, na jogoo wa jirani ameacha kukukatizia usingizi. Mimi mwili wangu mzima, nakula na kulala. Moyo ndio haujambo kidogo tu, na huo ndio ulionikalisha kuandika. Nisalimie dada, na umwambie vile viatu vyake nilivyoondoka navyo bila kuomba vinanibana, kwa hiyo Mungu ameshanihukumu.

Najua umenipigia simu sana. Sikupokea kwa makusudi. Kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza, na haya yote yangebaki kooni. Karatasi haimkatizi mtu maneno.

Nianze na mchezo wenyewe, maana siku zote umesema huujui, kwamba gofu ni watu wazima kukimbizana na kijipira huku kazi zimelala nyumbani. Hata vifaa vyangu vyote wewe unaviita fimbo, basi. Lakini ziko za aina nyingi, na zile zenye kichwa bapa cha chuma sisi tunaziita vyuma. Chuma ndicho kinachokufikisha karibu na bendera. Asiyejua kupiga chuma atashinda vichakani akitafuta mipira.

Mjomba ndiye aliyenifundisha, na haki yake siwezi kumnyima: alinifundisha vizuri. Nilipoanza nilikuwa nauchota mpira kama mtu anayeteka maji kwa kata, nikidhani ukitaka upande lazima uuinue. Alinicheka, akaniambia niupige wakati fimbo bado inashuka, nao utapanda wenyewe. Akanitaka uzito niuhamishie mguu wa kushoto, mikono iutangulie mpira, chuma kiguse mpira kwanza ndipo kichane nyasi. Alikuwa akitandika taulo nyuma kidogo ya mpira, na kila nilipoligusa aliniuliza kama nimekuja kucheza au kufua. Baada ya muda sikuligusa tena. Mipira ikawa inapanda na kutua palepale ninapotaka, na mjomba akawatangazia wenzake wa karakana ya fimbo, pale nyuma ya klabu, kwamba mpwa wake ni moto wa kuotea mbali.

Ndipo klabu kubwa ya huku niliko ikatangaza majaribio. Atakayepita angehamia huku, afundishwe, alipwe mshahara kwa kucheza. Unakumbuka nilivyorukaruka jikoni. Mjomba akasema vyuma vyangu vinahitaji kusafishwa na kuvishwa raba mpya za kushikia, akavichukua karakana. Vilirudi vinang'aa, nikamshukuru kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo mipira yangu ikaanza kwenda kushoto. Si sana, ila kila mara. Nilipomlalamikia mjomba alichukua chuma namba saba, akafumba jicho moja, akakitazama kutoka juu mpaka chini, akaapa kimenyooka. Tatizo, alisema, ni mikono yangu kuwahi kugeuka. Akanielekeza nigeuze mabega kulia kidogo. Nikageuza. Kisha kidogo tena. Na huku akinisifu kwamba ninaendelea vizuri, kumbe ananivika kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe nilikuwa nimeukanyaga.

Kwenye majaribio yale ya kwanza mipira yangu yote ya muhimu iliishia mchangani, kushoto kwa bendera. Nilirudi nyumbani nikiwa si mtu. Wewe ulinikumbatia mlangoni, ukanifuta machozi kwa kitambaa chako, ukasema Mungu hakupanga. Nilikuamini, na nikaamini kwamba mimi ni mpigaji mbovu mwenye bahati ya kuwa na watu wema.

Nikarudi mazoezini kusubiri majaribio mengine. Huko nina rafiki tunayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa neno. Siku moja aliinama kuyatazama majeraha ninayoacha kwenye nyasi. Akasema upande wa karibu na miguu yangu umechimbika na ule wa mbali umekwaruzwa tu, na kwamba hiyo si kazi ya mikono. Nikamwambia mjomba ameshavikagua. Akanijibu kwamba mjomba si mahakama ya rufaa. Akachora mstari wa wino kwenye mpira, akausimamisha wima, akaniambia nipige. Wino ukahamia usoni mwa chuma, na mstari ulikuwa umelala upande. Tukajaribu na chuma kingine, nacho vilevile. Halafu nikapiga kwa cha kwake, kwa mikono hii hii mibovu, na mstari ukasimama kama mlingoti. Mpira wenyewe ukaenda kulia kabisa, kule nilikokuwa nimeelekezwa na mabega yangu.

Nilikwenda karakana, nikamwaga vyuma vyote juu ya meza ya mjomba. Hakubisha. Alijifuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko ilivyokuwa michafu, kisha akasema ni yeye: alikibana kila kimoja kwenye jiliwa akakipinda shingo, pale fimbo inapoungana na kichwa, kidogo tu, jicho lisione. Nilidhani ni wivu. Nilimtukana, mama, na maneno niliyotumia hukunifundisha wewe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema hakuyatoa kichwani mwake, na kama nataka kujua yalikotoka, nikuulize wewe.

Nilimwambia anakusingizia. Nilirudi nyumbani nikitafuta njia ya kukwambia kwamba mdogo wako amekuwa mwongo, ili tumlaani pamoja. Nilikukuta unakunja nguo. Nikasema tu, kama mtu anayepita, kwamba mipira bado inakwenda kushoto na sijui kwa nini. Nawe, bila kuinua macho, ukasema huenda ni shingo, lakini nisijisumbue, si kila mtu ameumbiwa kushinda.

Shingo, mama. Wewe ambaye kwako vyote ni fimbo. Mimi sijawahi kukutajia kwamba chuma kina shingo.

Nilirudi kwa mjomba siku ileile na sasa akanieleza yote. Kwamba tangu kaka yangu aondoke na kunyamaza, ulikuwa huwezi kuvumilia kitanda kingine kitupu. Kwamba alikukatalia, nawe ukamkumbusha ni nani aliyemlea wazazi wenu walipofariki. Kwamba ulimwambia ni afadhali nishindwe nikiwa karibu kuliko nishinde nikiwa mbali. Nilikuwa natafuta mchawi nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ulinivunja kisha ukanibembeleza, na kitambaa ulichonifutia machozi kilikuwa mkononi hata kabla sijalia. Mungu ulimsingizia bure.

Mjomba alivinyoosha vyuma nikiwa nimesimama palepale. Kesho yake nikaondoka alfajiri, wewe ukiwa umelala, nikaja kwenye majaribio. Lakini mwili wangu ulishajifunza upotovu. Mabega yalinipeleka kulia kila nilipopiga, na sikuwa na muda wa kuyafundisha upya. Mwalimu wa huku aliniambia ninaugonga mpira safi kuliko wengi, ila siujui mwelekeo. Sikupita.

Nilipokuwa nafunga mfuko, aliniuliza kama ningekubali kazi ya kukusanya mipira kwenye uwanja wa mazoezi, na jioni nifanye mazoezi yangu mpaka majaribio yajayo. Nilikubali kabla hajamaliza. Nimepata chumba, dirisha lake linatazama ukuta, na mlango unafungwa vizuri. Kila jioni napiga chuma namba saba na kuyarudisha mabega mahali pake. Inakwenda polepole.

Msalimie mjomba. Mwambie nina hasira naye, lakini nilipomuuliza alinijibu. Dada mwambie aniandikie, jina la klabu nimeliandika nyuma ya bahasha. Wewe usiniandikie kwanza, na usinieleze kwamba ulifanya kwa mapenzi. Najua ni mapenzi. Ningekuwa nimefanyiwa haya na mtu anayenichukia, ningeshalala usingizi.

Ulitaka nishindwe nikiwa karibu nawe. Nimeshindwa, mama, lakini niko mbali.

Jitunze, na goti hilo ulikande.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.